Kibodi Iliyokunywa Uji

Hebu niambie wewe, siku ukifa nani ataandika historia yako? Usiniangalie hivyo, sikuombei mabaya. Nauliza tu. Hapa kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Hema inasimamishwa, viti vya plastiki vinapangwa, halafu mtu anashika maiki anasoma karatasi. Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu aliolewa, marehemu alipenda kanisa. Na mwenyewe amelala hapo mbele kwa sanduku, hawezi inua hata kidole aseme, ngoja, hiyo ni uongo!

Hiyo kitu ndiyo ilinipeleka tauni, huko mjini, na kompyuta nimeifunga na leso. Na hasira yake bado ninayo. Ninaifurahia hata, maana hasira ya mzee ni kama chai, inapasha mwili.

Nilikuwa na rafiki yangu. Tuligonga kokoto pamoja kwa machimbo hapa Kinoo, kabla hizi nyumba za ghorofa hazijatuzunguka. Unajua kokoto? Jiwe kubwa linaletwa, unakaa chini, miguu umenyoosha, unagonga na nyundo mpaka linakuwa vipande vidogo vya kujengea. Siku nzima. Yeye kidole chake cha gumba kilipondwa na nyundo, kikapona kikiwa bapa kama kijiko. Watoto wake wote walisoma na hicho kidole. Sasa siku ya kumzika, nimekaa mstari wa pili, nasikia kwa maiki: "Marehemu alikuwa mfanyabiashara mashuhuri, na alipenda sana kuimba kwaya."

Kwaya! Huyo mama akianza kuimba hata mbwa walikuwa wanahama boma. Na kokoto haikutajwa. Hata mara moja. Watoto wake wamevaa suti, wanaona haya ya kokoto. Niligeuka kwa mama aliyekaa na mimi nikamwambia, "Huyu wanazika ni nani? Mimi nilikuja kuzika mwingine." Akaniambia ninyamaze, mchungaji anatuangalia. Nikanyamaza. Lakini nilitoka hapo nimeapa, mimi hakuna mtu ataniandikia. Nitajiandikia mwenyewe, nikiwa na macho na akili.

Kompyuta nilikuwa nayo. Unacheka? Nilifanya kazi ya nyumba Lavington miaka mingi baada ya kokoto, na mama wa hiyo nyumba alipokuwa anahama akaniambia, "Chukua hii, imezeeka kama sisi." Ni ile ya kufungua kama Biblia. Shule mimi nilifika darasa la pili, nikatolewa nichunge wadogo wangu. Kusoma nilijifunza nikiwa mama mzima, kwa gumbaru, ile masomo ya watu wazima, tukikaa kwa viti vya watoto magoti yakigonga kidevu. Kalamu ilinishinda. Mkono wangu umezoea nyundo, kalamu inateleza. Lakini hivyo vidude vya kubonyeza, hivyo tulielewana. Unatafuta A, unaigonga. Unatafuta M, unaigonga. Si ni kokoto tu?

Basi nikaanza. Kila asubuhi nikishamaliza kulisha kuku, naketi mezani, naandika mistari miwili, mitatu. "Marehemu alizaliwa nyumba ya nyasi. Marehemu aligonga kokoto. Marehemu alifua nguo za watu." Nilikuwa nafurahi, nacheka peke yangu.

Kijana yangu akapita siku moja akasoma. Huyo ni yule mkubwa wa wavulana, ni mzee wa kanisa sasa, anatembea kama amebeba sahani ya sadaka hata akienda choo. Akasoma akisimama. Akasema, "Mami, hii ni nini?"

"Historia yangu."

"Lakini uko hai!"

"Ndiyo maana naweza iandika."

"Mami, hii ni kuita kifo. Na hizi kokoto, hizi nguo za watu, watu watasema nini?"

"Watasema niligonga kokoto na nikafua nguo."

Akavaa kofia yake, akaenda. Lakini hakuwa anaogopa kokoto. Mimi namjua, nilimzaa. Alikuwa anaogopa pale nilikuwa naelekea. Alijua nikimaliza kazi nitafika kwa watoto.

Na hapo wacha nikuambie wazi, usibaki ukishangaa. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa kwa mama yangu, sijaolewa. Msichana. Nilipopata bwana, bwana akasema, nachukua wewe, mtoto abaki. Mtoto akabaki. Mama yangu akamlea kama wake. Akakua akiniita dada. Dada! Tumbo hii ilimbeba, na yeye ananiita dada mbele ya watu, na mimi naitika. Halafu nikazaa wengine wanne na huyo bwana, na kanisani wakaandikwa wanne, na kila mahali ni wanne. Bwana alienda, Mungu amlaze. Mama yangu alienda. Mimi nikaendelea na wanne kama mjinga.

Lakini huyo binti yangu, ambaye sasa anaishi Nakuru, si mjinga. Sisi tuko na desturi ya majina, unaijua. Msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba yake. Wa pili anaitwa jina la mama ya mama yake. Huyo binti alipozaa msichana wa pili, watu wakaja kuona mtoto, wakauliza, anaitwa nani? Wakangojea jina la mama yangu, maana si ndiye mama yake? Yeye akataja jina langu. Hakuongeza neno. Wamama wa Kinoo wanajua kuhesabu majina kuliko karani. Waliangaliana, wakakunywa uji, wakanyamaza. Tangu hiyo siku kila mtu anajua, na hakuna mtu amesema. Huyo mtoto ndiye mjukuu wangu wa jina. Ni mtu mzima sasa, anafanya kazi kwa ofisi huko tauni, anaishi Dagoretti Corner, ananiita cucu, yaani nyanya, bila kuogopa mtu, na mimi namwita Majina.

Kwa hivyo nikafika kwa watoto. Ilikuwa asubuhi, nimeweka kikombe cha uji kando ya mashine. Uji wa mtama, ule mzito, mchachu. Nikaandika: "Mungu alinipa watoto wat", na kidole kikakataa kugonga herufi inayofuata. Sijui kwa nini. Nimeandika kokoto bila kusita. Nikanyoosha mkono nikunywe kidogo nitulie, macho yamebaki kwa skrini, na kikombe kikaanguka chote. Chote! Uji ukaingia katikati ya zile herufi kama mvua kwa mtaro. Niligeuza mashine, nikapangusa na leso, nikaianika juani na mahindi. Ikawaka. Lakini nikigonga A, hakuna. N, hakuna. Ile ndefu ya chini ya kuacha nafasi, imelala kabisa. Ukigonga T zinakuja tano. Sasa niandike nini na hiyo?

Kijana yangu akaja. Akaangalia skrini, akaona maneno yamekatikia hapo. Unajua alifanya nini? Alitoa kofia! Akasema, "Mami, umeona? Mungu amekufunga hapo hapo. Hiyo ni ishara."

Nikamwambia, "Mungu hatumii uji."

"Anaweza tumia chochote. Alitumia punda."

"Basi amekutumia wewe pia, na sijakusikiza."

Si mzaha, nilitaka kumpiga na mwiko. Mimi nimeomba Mungu miaka yote hiyo kuhusu huyo msichana, sijawahi jibiwa. Sasa eti siku nimejibu mwenyewe ndiyo anakuja na kikombe? Kijana yangu akasema tutupe hiyo mashine, ataninunulia simu mpya. Akasema hakuna kibodi ya kitu mzee hivyo. Kibodi ndiyo hiyo sahani ya herufi. Nikampigia mjukuu wangu, nikamwambia, "Majina, mashine yangu imekunywa uji."

Akacheka mpaka nikasikia watu wa ofisi wanamuuliza kuna nini. Halafu akasema, "Ilete, cucu. Jumamosi niko nje saa sita."

Akanipeleka kwa jengo moja, mambo yote ni simu na waya, kila fundi ana kibanda cha kioo upana wa kabati. Fundi wetu alikuwa mwanaume wa makamo, miwani juu ya kipara, taa ndogo shingoni. Na kitu cha kwanza kilichonikasirisha, alikuwa anaongea na mjukuu wangu tu. Mashine ni yangu, nimeibeba mimi kwa mgongo, na yeye anasema, "Dada, nyanya alimwagia nini?"

Nikasema, "Nyanya yuko hapa. Nyanya alimwaga uji."

Ndiyo akaniona. "Pole, mathe. Uji wa sukari?"

"Wa mtama. Sukari sitii."

"Heri. Sukari inakula waya." Akaigeuza tumbo juu, akatoa betri, akafungua skrubu moja moja na bisibisi ndogo kama ya saa, akazipanga kwa kifuniko cha chupa. Halafu akaigeuza tena, akaingiza kitu bapa pembeni, akainua ile sahani ya herufi. Mimi nilidhani chini yake kuna mambo makubwa. Kumbe imeshikwa na utepe mwembamba tu, kama wa kufunga nywele. Na uji wangu umekaukia hapo chini kama ukoko wa sufuria. Niliona haya kama mtu amefungua jikoni yangu bila kubisha.

Akaniambia naweza tumia kibodi ya kuchomeka kando. Nikamuuliza nitaiweka wapi, kichwani? Meza yangu inatosha mashine na kikombe. Akacheka. Akasema, "Na kikombe ndicho kilituleta hapa." Hapo tukaanza kuelewana. Akaingia chini ya kaunta, akatoa mzoga wa mashine nyingine kama yangu, iliyovunjika skrini, akaitoa kibodi yake. Nzuri, isipokuwa ile ndefu ya kuacha nafasi ilikuwa imetolewa kwingine, nyeupe, katikati ya nyeusi zote, kama jino la bandia.

Mjukuu wangu akaandika jina lake kwa kipande cha tepe, fundi akakibandika kwa kifuniko. Ndiyo desturi yao, mashine zisichanganyike. Fundi akashikisha utepe, akasema, "Kabla nifunge skrubu, tujaribu." Akarudisha betri, akawasha. Na mashine yangu, unajua mtu akilala kwa hasira anaamka na hasira, ikajifungua pale pale ilikuwa imekatikia. Fundi akateremsha miwani, akasoma kwa sauti: "Historia ya marehemu..." na jina langu.

Akaangalia skrini. Akaangalia ile tepe. Akaangalia mjukuu wangu.

"Dada," akasema polepole, "hii jina si ni yako?"

"Ni yangu."

"Na... uko sawa?"

Nikasema, "Wacha kumtisha mtoto. Marehemu ni mimi."

We! Kulikuwa na mama hapo ananunua chaja. Akasema "Ashindwe!" akaruka nyuma na chaja mkononi, hajamaliza hata kuichagua. Fundi akaondoa mikono kwa mashine kama amegusa jiko. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, nilikuwa nimemsikia kwa ulimi. Akasema, "Mathe, hii sasa umenipita. Siguzi. Kwetu mtu hawezi chimba kaburi yake akiwa hai."

"Nimekuambia uchimbe kaburi? Nimekuambia ukaze skrubu!"

"Ni kitu moja."

"Si kitu moja! Kaburi ni ya udongo!"

Watu wakaanza kusimama. Mjukuu wangu akanishika mkono, akanong'ona, "Cucu, twende kwa mwingine." Nikamwambia siendi. Nimefukuzwa kwa hii maneno na kijana yangu, nimefukuzwa na kikombe, sasa nifukuzwe na mtu ana taa shingoni? Nilisikia hasira ya miaka yote imepanda mpaka kwa masikio. Nikamuuliza fundi, "Mama yako yuko?"

"Alienda mwaka juzi."

"Pole. Walisoma nini?"

"Kawaida."

"Kawaida gani?"

"Kwamba alikuwa mama wa maombi."

"Alikuwa?"

Akakuna shingo. Akaangalia kando. Yule mama wa chaja akasogea tena, mdomo wazi. Fundi akasema, "Mathe, ukweli ni kwamba mama yangu alikuwa mtu wa karata. Soko yote ilikuwa inamuogopa. Wanaume walikuwa wanaacha baiskeli zao kwake. Kanisa aliingia siku mbili, siku ya harusi, na siku ya kubebwa."

Mama wa chaja akacheka, akajiziba mdomo.

Nikamuuliza, "Na hiyo uongo ya maombi, nani aliandika?"

Fundi akashika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena. Akasema, "Ni mimi."

Hakuna mtu alicheka. Yeye mwenyewe akasukuma mashine mbele yangu, bado haijafungwa skrubu, na akasema bila kuniangalia, "Andika kitu tuone kama zote zinashika."

Nikasogea. Vitufe vipya ni vigumu, vinateleza, havijui kidole changu. Maneno yalikuwa yamesimama pale: "Mungu alinipa watoto wat". Nikatafuta A. Nikaigonga. Ikatokea. N. O. Ikawa watano. Nikagonga ile nyeupe, nafasi ikatoka safi. Sikusita sasa, nilikuwa na hasira, na hasira inanyoosha mkono. Nikaendelea, watu wananingojea: "Wa kwanza ni msichana. Nilimzaa kwa mama yangu. Aliniita dada kwa sababu mimi nilikubali aniite hivyo. Ilikuwa makosa yangu na si yake."

Fundi alisoma, mjukuu wangu alisoma. Mjukuu wangu akageuka akaangalia waya zimening'inia huko ukutani, akaziangalia muda mrefu kama anachagua. Fundi akakaza skrubu zote, akapangusa skrini na kitambaa, akasema tu, "Uji ukae mbali, mathe."

Tukaenda kunywa chai kwa hoteli ndogo hapo chini. Kabla hata mandazi hazijafika simu ikalia. Kijana yangu.

"Mami uko wapi? Nimekuja nikapata mlango umefungwa."

"Niko tauni. Nimetengeneza mashine."

"Mami! Si tulikubaliana?"

"Nani na nani?"

Akapumua. Halafu akasema maneno ambayo bado yananichoma mpaka leo. Hakupaza sauti, alisema kwa upole kabisa, ile sauti ya kuombea wagonjwa. "Sawa, Mami. Andika. Andika yote. Lakini siku hiyo, wewe utakuwa umelala. Mimi ndiye nitakuwa na maiki."

Akakata.

Nikaweka simu kwa meza. Unajua sikuwa nimefikiria hiyo? Nilihangaika na uji, na herufi, na fundi, na sikukumbuka kwamba karatasi haijisomi. Atakaa hapo mbele na suti yake, atafika kwa mstari wa watoto, atasoma "wanne," na mimi nitakuwa kwa sanduku nimefungwa mdomo, na binti yangu atakuwa amekaa nyuma na wageni kutoka Nakuru, ameshika sahani ya wali. Nilipiga meza, chai ikamwagika. Watu wakageuka. Nikamwambia mjukuu wangu, "Nimefanya kazi ya bure. Huyo kijana nilimnyonyesha na hii titi, na ananiambia nitakuwa nimelala!"

Yeye akasogeza vikombe. Akapangusa chai kwa meza na karatasi. Akafungua mashine hapo hapo, akachomeka kitu kidogo kama kidole, akanakili historia yangu, akaiweka kwa mkoba wake. Akajitumia pia kwa simu yake. Akamtumia mama yake Nakuru. Nikaona amemtumia, nikataka kumzuia, nikaacha. Nikajiambia, mama yake atasoma leo. Sijui atasema nini. Nilimwambia, "Na maiki? Maiki utaituma kwa simu?"

Akanishika hizi vidole zangu za kokoto, na akanishika kwa nguvu, si ile ya kubembeleza mzee. Akasema, "Cucu, nina jina lako. Siku hiyo nikisimama, hakuna mtu atauliza huyu ni nani. Nitaomba maiki kwa heshima. Wakininyima nitasoma bila maiki, na mimi sauti ninayo, unanijua. Nitasoma kokoto, nitasoma nguo za watu. Na nikifika kwa watoto watano nitasoma mara mbili, polepole, nikiwa nimemsimamisha mama yangu kando yangu."